Chati Haikuulizi Kwa Nini: Mwongozo Kamili wa Kuelezea Chati na Michoro Kwenye Mtihani wa IELTS

Dada mmoja muuguzi hapa Mtwara aliniletea jioni moja zoezi lake la IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza. Chati ilihusu matumizi ya maji katika nchi tatu. Alikuwa ameandika maneno zaidi ya 240, Kiingereza kimenyooka, mwandiko wa kupendeza. Lakini nusu nzima ya kazi yake ilieleza kwa nini nchi moja inatumia maji mengi kuliko nyingine: ukame, serikali kutowekeza, wananchi kukosa elimu. Nikamuuliza, "Huu ukame umeuona wapi kwenye chati?" Akacheka. "Mwalimu, si inajulikana?"

Inajulikana, sawa. Ila chati haikuuliza kwa nini, na msahihishaji hana pa kukupa alama kwa jambo ambalo halipo kwenye karatasi. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwa watu wetu, na nadhani linatokana na namna tulivyosoma. Kwenye somo la Jiografia sekondari tulichora grafu, kisha mwalimu akadai sababu na athari. Tukazoea kwamba grafu bila sababu ni kazi nusu. Kwenye IELTS ni kinyume: ukitoa sababu umetoka nje ya mada. Unatakiwa uwe kama mtu aliyekaa dirishani anamsimulia mwenzake asiyeona nje. Anasema anachokiona, anaanza na kikubwa, na habuni.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipata 5.5 kati ya 9 kwenye uandishi. Matokeo hayakwambii kosa lako, yanakupa namba tu. Ilinichukua muda kugundua kwamba nilikuwa nasoma chati kama orodha ya bei: namba moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka maneno yanaisha.

Unachoulizwa hasa

Kuna IELTS za aina mbili na watu huzichanganya. Aina ya Academic, wanayofanya wengi wanaokwenda kusoma chuo kikuu nje, ndiyo yenye chati. General Training kazi ya kwanza ni kuandika barua. Hakikisha umejisajili kwenye aina unayoihitaji kabla hujatumia mwezi mzima kujifunza mihimili (bar chart) na maduara (pie chart).

Uandishi wote una dakika 60 na kazi mbili. Ya kwanza ni chati, maneno yasiyopungua 150, na unashauriwa uipe dakika 20. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, dakika 40, na ina uzito mara mbili ya chati. Kwa hiyo anayetumia dakika 30 kuipamba chati anajiibia mwenyewe. Lenga maneno 170 hadi 190. Ukiandika pungufu ya 150 unaadhibiwa. Ukiandika 260 hakuna anayekupongeza, umeongeza nafasi za kukosea tu.

Alama zinatolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: umetimiza kazi uliyopewa, umepanga mawazo yakatiririka, msamiati, na sarufi. Viwili vya kwanza havihusiani na ukubwa wa Kiingereza chako. Vinahusiana na jicho. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wanaokuja kwangu wanadhani wanakosa maneno makubwa, kumbe wanakosa kuchagua.

Dakika tatu za kutoandika chochote

Badala ya nchi za mbali, tuchukue namba za kwetu. Sensa ya 2012 na ya 2022 zilitoa idadi hizi. Mkoa wa Mtwara: watu 1,270,854 mwaka 2012, na 1,634,947 mwaka 2022. Mkoa wa Lindi: 864,652, kisha 1,194,028. Tanzania nzima: 44,928,923, kisha 61,741,120. Ziandike kwenye jedwali dogo la safu tatu, ndiyo chati yetu ya leo.

Kabla ya kushika kalamu, jiulize mambo haya kwa mpangilio. Kinapimwa nini? Watu. Kwa kipimo gani? Idadi kamili, si asilimia. Wapi na lini? Sehemu tatu, miaka miwili. Je, muda umepita? Ndiyo, umekwisha, kwa hiyo kitenzi kitakuwa cha wakati uliopita. Inaonekana kama maswali ya mtoto, lakini nimeona mtu mzima anaandika "percent" kwenye chati yote iliyokuwa na tani. Kosa la kipimo linaharibu kila sentensi inayofuata.

Halafu kunja macho kidogo, zitazame namba kwa mbali. Nini kinaruka mbele? Kwanza, kila sehemu imeongezeka. Pili, Mtwara ni mkubwa kuliko Lindi miaka yote miwili. Sasa piga hesabu ya harakaharaka: Mtwara imeongeza watu wapatao 364,000, karibu asilimia 29. Lindi imeongeza wapatao 329,000, karibu asilimia 38. Nchi nzima imepanda kwa asilimia 37 hivi. Kumbe Lindi ilikwenda sambamba na nchi, na Mtwara ilibaki nyuma kwa kasi ingawa ina watu wengi.

Umeona? Hapo umeshapata kazi yako yote. Kilichobaki ni kuandika.

Kuna mtego nataka uuone kabla hatujaendelea. Mtu akiona Lindi imekua kwa kasi zaidi, haraka ataandika kwamba pengo kati ya mikoa hii limepungua. Toa namba. Mwaka 2012 Mtwara iliizidi Lindi kwa watu 406,000 hivi. Mwaka 2022 iliizidi kwa 441,000 hivi. Pengo la vichwa limeongezeka! Kilichopungua ni uwiano: Lindi ilikuwa asilimia 68 ya Mtwara, ikawa asilimia 73. Ukiandika "the gap narrowed" bila kusema pengo gani, umesema uongo kwa Kiingereza safi. Asilimia na idadi ni vitu viwili, na chati za mtihani mara nyingi zinachezea hapohapo.

Sentensi ya kwanza

Hii usiipe zaidi ya dakika moja. Swali lenyewe linakupa sentensi, wewe unaigeuza maneno. Swali likisema "The table below shows the population of two regions and of Tanzania in 2012 and 2022", wewe andika: "The table compares how many people lived in Mtwara, Lindi and Tanzania as a whole in 2012 and 2022." Basi. Usinakili maneno ya swali neno kwa neno, kwa sababu yaliyonakiliwa hayahesabiwi kuwa yako. Wala usianze na hotuba. Sisi tunapenda kuanza kwa kumshukuru mgeni rasmi. Hapa hakuna mgeni rasmi. Sentensi kama "Nowadays population is a very important issue in the world" ifute.

Usibadilishe pia kisichobadilika. "Population" hakuna haja ya kuitafutia jina la ajabu. Nimewahi kuona "human beings inhabitants quantity". Maskini kamusi.

Picha ya jumla, mahali alama zinapotoka

Waingereza wanaita "overview". Mimi darasani naita picha ya jumla. Ni sentensi moja au mbili zinazosema jambo kubwa linaloonekana ukikunja macho, bila namba hata moja. Maelezo ya madaraja ya alama, yaliyochapishwa hadharani na yeyote anaweza kuyasoma, yako wazi juu ya hili: kazi inayosimulia namba kimakanika bila picha ya jumla iliyo wazi, kwenye kigezo cha kutimiza kazi inakaa daraja la 5. Ya daraja la 7 lazima iwe nayo, tena iliyo wazi. Msamiati wako uwe wa bungeni, bila sentensi hii kigezo kimoja kati ya vinne umekiacha mlangoni.

Kwa jedwali letu: "Overall, the population grew in all three areas. Although Mtwara remained the larger of the two regions, Lindi grew faster and roughly kept pace with the country."

Zitazame sentensi hizo mbili. Hakuna namba. Ya kwanza inasema kinachofanana kwa wote. Ya pili inasema tofauti kubwa, na neno "although" linabeba pande mbili kwa mpigo. Ukijifunza umbo hili moja tu, kinachofanana halafu kinachotofautiana, utaweza kulitumia karibu kwenye kila chati ya namba utakayokutana nayo.

Wengine huiweka mwishoni kama hitimisho. Inakubalika, lakini mimi nasema iweke aya ya pili, mara tu baada ya utangulizi. Sababu ni ya kibinadamu: mwishoni muda unakwisha, na kitu cha kwanza kusahauliwa ndicho kilichokuwa na alama nyingi.

Aya za maelezo: kuchagua na kupanga makundi

Sasa namba zinaruhusiwa kuingia. Aya mbili zinatosha. Usigawe kwa mtindo wa "aya ya 2012, aya ya 2022", utajikuta unarudia majina yaleyale. Gawa kwa tabia: vinavyofanana vikae pamoja. Hapa Lindi na nchi nzima zimekua kwa kasi inayokaribiana, Mtwara iko peke yake. Huo tayari ni mgawanyo.

Aya ya Mtwara inaweza kuwa hivi: "In 2012, Mtwara had about 1.27 million inhabitants, over 400,000 more than Lindi. Ten years later the figure had reached 1.63 million, an increase of about 29%." Aya ya pili: "Lindi, by contrast, rose from approximately 865,000 to 1.19 million, or by 38%. This was very close to the national rate of 37%, as Tanzania's population climbed from 44.9 million to 61.7 million over the same period."

Nimezungusha namba zote. Hakuna anayetaka 1,634,947 kamili, andika 1.63 million na utangulize "about" au "approximately". Pia hakuna namba iliyokaa peke yake. Kila moja imefungwa na nyenzake: zaidi ya, kutoka mpaka, karibu sawa na. Namba pekee ni habari ya sensa. Namba mbili zikiwekwa kwenye mizani moja ndiyo kazi uliyotumwa, kwa sababu swali lenyewe huwa linakuambia ulinganishe inapofaa.

Na kama chati ina vitu vingi, tuseme nchi nane? Hutaji zote. Taja ya juu kabisa, ya chini kabisa, inayokwenda kinyume na wenzake, na zile mbili tatu zinazofanana uzitupe kwenye kapu moja. Kuacha namba kwa makusudi ni ujuzi, na unalipwa kwa huo.

Kiswahili kinapokuvuta shati

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wenzangu wanapoangukia. Makosa haya si ya ujinga. Ni Kiswahili chetu kizuri kinachojipenyeza kwenye lugha ya watu.

La kwanza ni "kwa". Sisi "kwa" inafanya kila kazi: kwa asilimia 29, kwa kisu, kwa mjomba, kwa miaka kumi. Kiingereza kinagawa kazi hizo. Imeongezeka kwa asilimia 29 ni "increased by 29%", si "with 29%". Imeongezeka kufikia milioni 1.63 ni "increased to". Kutoka ni "from". Na ukigeuza kitenzi kuwa jina, viunganishi vinabadilika: "an increase of 29% in the population". "Of" kwa kiasi, "in" kwa kitu chenyewe. Angalia tofauti ya "by" na "to" kwa mfano wa nauli. Nauli ikipanda "by 5,000" unaongeza elfu tano juu ya ya jana. Ikipanda "to 5,000", elfu tano ndiyo unayolipa. Kondakta hatakuelewa ukichanganya, na msahihishaji naye hivyohivyo.

La pili ni kiambishi cha mtenda. Kiswahili kinadai "idadi ya watu *i*liongezeka", hiyo *i-* haiepukiki. Kwa hiyo vidole vinaandika "The population of Lindi it increased". Futa "it". Kwenye Kiingereza mtenda akishatajwa hatajwi tena.

La tatu, "imeongezeka". Tukisema idadi imeongezeka mwaka 2022 hakuna tatizo. Kiingereza hakikubali "has increased in 2022", kwa sababu mwaka uliokwisha unataka "increased". Kanuni yangu ya haraka: ukiona mwaka uliopita umeandikwa, tumia umbo la -li-. Umbo la -me-, yaani "has" au "have", libakize kwa "since 2012", ambapo jambo bado linafika leo.

La nne ni dogo lakini linachosha: "1.6 millions people". Namba ikitangulia, "million" haichukui "s". Na watu wanahesabika, kwa hiyo ni "the number of people". "Amount" ni ya vitu kama maji, mchele na pesa.

La tano ni "the". Hatunayo, basi tunaisahau au tunaimwaga kila mahali. Kwa chati, ishi na haya machache: "the population of", "the number of", "the percentage of", "the highest", "in the same period". Majina ya mikoa na nchi kama Lindi na Tanzania hayaitaki. Yakikaa kichwani yanakubeba mbali.

Grafu ya mstari: waulize wavuvi

Maneno ya mwendo watu huyakariri kama shairi bila kuona picha. Mimi huwapeleka ufukweni. Mtu aliyekulia Mikindani au Msimbati anajua maji yanajaa na kupwa, anajua bamvua na maji mafu. Kujaa ni "rise", kupwa ni "fall". Yakijaa polepole ni "rise gradually" au "steadily". Yakija kwa kishindo ni "rise sharply". Yakifika juu kabisa kabla ya kugeuka ni "peak", nawe unaandika "peaked at", ukitaja kiwango. Yakituama ni "level off" au "remain stable". Yakipanda na kushuka siku nzima ni "fluctuate". Chini kabisa ni "reach a low of". Kwa kuporomoka ghafla, kama bei ya bidhaa msimu unapoharibika, kuna "plummet", lakini itunze kwa mporomoko wa kweli. Kushuka kutoka 52 hadi 49 si kuporomoka.

Maneno kumi ya namna hii yanatosha kabisa. Muhimu ni kuweza kuyageuza: "rose sharply" iwe "a sharp rise", "fell slightly" iwe "a slight fall". Kwa kila neno moja umepata mawili, na sarufi yako inaonekana ina mikono mingi.

Mihimili na duara

Haya hayahitaji maneno mengi. Mihimili ni kulinganisha urefu: "twice as many as", "slightly fewer than", "by far the largest". Duara ni mgao wa kitu kizima: "accounted for", "made up", "a quarter", "just under a third". Zikija duara mbili za miaka tofauti, usieleze moja hadi iishe halafu nyingine. Chukua kipande kimoja, kifuate kutoka duara la kwanza hadi la pili, kisha kinachofuata. Na kama duara halina idadi, usiseme kitu kimepungua. Umeona fungu lake limepungua tu. Kipande cha chapati kinaweza kuwa chembamba na bado kikashibisha, kama chapati yenyewe imekuwa kubwa.

Mchoro wa hatua: tubangue korosho

Watu wanauogopa mchoro wa hatua kuliko yote, wakati kwa Mswahili ndio rahisi. Sikiliza.

Elezea namna korosho inavyobanguliwa kwa mikono. Korosho ghafi hukaushwa juani. Hupangwa kwa ukubwa. Huchemshwa kwa mvuke ili ganda lilegee. Hupozwa. Hubanguliwa moja moja. Kiini hukaushwa kwenye tanuri, utando mwekundu humenywa, halafu hupangwa kwa madaraja, nzima mbali na vipande mbali, na kufungashwa. Hukusema nani anafanya. Aliyebangua ni mama fulani ambaye mafuta ya ganda yameshamuunguza vidole mara nyingi tu, lakini mchoro haumtaji, nawe hukumtaja.

Umetumia *hu-* mbele na *-wa* nyuma. Hiyo *hu-...-wa* ndiyo Kiingereza cha mchoro wa hatua, chote: "is" au "are" pamoja na umbo la tatu la kitenzi. Hukaushwa, "are dried". Huchemshwa kwa mvuke, "are steamed". Hubanguliwa, "are shelled". Humenywa, "is peeled". Hufungashwa, "are packed". Kila unapohisi *hu-...-wa* kichwani, mkono uandike "is" au "are" bila kufikiri.

Lakini kuna hatua ambazo hakuna mtendaji. Hapa twende kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani ya Lindi na Mtwara. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa, "is let into the ponds". Jua linawaka, maji hukauka, chumvi hubaki. Hatukusema maji hukaushwa na mtu, tumesema hukauka. Kiingereza kinafanya vilevile: "the water evaporates", "the salt remains". Hapo ukiandika "is evaporated" unaashiria kuna mtu au mashine iliyofanya. Kisha chumvi hukwanguliwa na kukusanywa, tunarudi kwenye "is scraped up and collected". Kumbe Kiswahili kimeshakuonyesha pa kubadilisha, mradi ukisikilize.

Picha ya jumla ya mchoro wa hatua haina kupanda wala kushuka. Inasema hatua ni ngapi, inaanza na nini, inaishia na nini: "Overall, the process consists of nine stages, beginning with the drying of raw nuts and ending with the packing of graded kernels." Kama mchoro unazunguka na kurudi mwanzo, sema ni mzunguko. Taja kila hatua. Hapa, tofauti na chati za namba, huruhusiwi kuruka. Na viunganishi usivirundike, "then, then, then" kama mtoto anayesimulia mpira. Changanya "after that", "once the nuts have cooled", "before being packed".

Ramani

Ramani mara nyingi ni mbili, zamani na sasa. Chukua mji wetu. Wakoloni wa Kiingereza, kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza 1947 na kufa haraka, walijenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea. Reli ikang'olewa miaka ya 1960. Leo jina la reli limebaki kwa kata, treni hakuna. Kwenye mtihani ungeandika "the railway line was removed", "the port was extended", "the open land was replaced by houses". Ni *-li-...-wa* sasa, kwa hiyo "was" na "were". Hadithi ya karanga ungeiacha nyumbani, haionekani kwenye ramani.

Dira ya mshale ukiiona, itumie: "to the west of the town", "in the north-east". Kosa la kawaida ni "at the north of" na kusema kushoto na kulia. Taja pia kilichobaki bila kubadilika, wengi wanasahau.

Saa mezani

Mpango wangu ni dakika 3 hadi 4 kutazama na kuandika alama pembeni, 13 kuandika, 3 kukagua. Ukifanya kwa kompyuta, idadi ya maneno inaonekana kwenye skrini, usijihangaishe kuhesabu. Kwa karatasi, ujue mapema mstari wako mmoja unabeba maneno mangapi. Wengine huanza na insha kwa kuwa ina uzito zaidi. Ruksa. Mimi naanza na chati, vidole vipate moto.

Kwenye kukagua usisome kutafuta uzuri. Tafuta vitu vitano tu: "it" iliyozidi, "by" na "to", "s" ya "million", wakati wa vitenzi, na kipimo. Kisha rudi kwenye chati uhakikishe kila namba uliyoandika ipo pale.

Mazoezi yasiyo na gharama

Usinunue vitabu rundo. Chukua jedwali lolote, la sensa, la bei za mnada wa korosho, hata la units za umeme wa nyumbani kwako kwa miezi sita, ujiwekee dakika 20. Ukimaliza, mpe mtu asiyeiona chati maandishi yako na karatasi tupu, umwambie achore. Asome Kiingereza chako na achore alichoelewa. Hatakusahihisha sarufi, lakini mchoro wake utakuonyesha ulichosema kweli, si ulichokusudia.

Nilimfanyia hivyo mdogo wangu barazani, Shangani, kwa jedwali hilihili la Mtwara na Lindi. Akasoma, akachora mistari miwili. Mstari wa Lindi ukaanza chini, ukapanda, ukapita juu ya Mtwara na kuuacha. Nikamwambia, "Hapana bwana, umekosea." Akanigeuzia karatasi yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa tano. Nilikuwa nimeandika "overtook".